Kiti cha Mwenyekiti

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe, shemeji na watoto. Goti lako linaendeleaje? Bado unapanda ngazi kwa kunung'unika, au siku hizi unamsikiliza daktari? Sisi huku tu wazima kiasi; tunakula, tunalala, kazini naenda. Najua utasema barua ya nini na simu ipo. Kwenye simu ningelia, nawe ungelia, na hakuna ambaye angemaliza sentensi. Kwa hiyo kaa chini kwanza, uisome polepole.

Nianze na kiti. Siku ulipomletea mwanangu kile kiti cha kulia chakula, chenye miguu mirefu na meza yake ndogo, shemeji yako alisema nyumba sasa imepata Mwenyekiti, na jina likashika hadi kwa majirani. Kila jioni lazima aulize kama Mwenyekiti ameshafungua kikao, ndipo anawe mikono. Unakumbuka kifungo cha mkanda kilikuwa hakishiki, mtoto akachomoka, nusura aanguke. Nilikirudisha dukani, nikakuta wamebandika kibao ukutani kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Muuzaji alikinyooshea kidole tu kile kibao.

Dada, unanijua. Mimi ndiye ninayekaa dirisha la malalamiko pale ofisi ya maji. Mbinu zote za kumchosha mteja nazijua, maana ndizo zinazonilisha. Nilimwambia kibao hakifuti haki ya mtu. Kitu kilichouzwa kikiwa na kasoro, muuzaji hana budi akitengeneze, akibadilishe au arudishe pesa. Akasema meneja hayupo. Nikamjibu kwamba nami huwa nasema hivyo hivyo, meneja akiwa nyuma yangu anakunywa chai. Basi meneja akatoka mwenyewe nyuma ya pazia, huku anacheka, akanipa kiti kipya. Nilirudi nyumbani kifua mbele. Kisa hicho nilikusimulia, tukacheka mpaka ukapaliwa.

Ambalo sikukusimulia ni lililofuata. Kiti kipya kilifunga vizuri, lakini Mwenyekiti alikuwa akiinamia upande wa kushoto. Nikimnyoosha, anashuka tena taratibu, mpaka shavu linagusa ubavu wa kiti na uji unamtoka mdomoni. Nikasema hiki nacho kimepinda. Shemeji yako alikigeuza juu chini, akakikagua, akanyamaza. Nikamwambia ukimya wake haumsaidii mtoto. Nikarudi dukani, safari hii bila hata salamu, wakanibadilishia bila ubishi, nadhani kwa kuniogopa. Kwenye hicho cha tatu, Mwenyekiti akainama vilevile.

Nikarudi tena, na sasa nilikwenda na mtoto mgongoni ili waone kwa macho yao. Nilimkalisha kwenye kiti pale mbele ya kaunta, akashuka upande wake wa kushoto, nami nikapaza sauti kwamba kiti cha mtoto kisichomkalisha mtoto si kiti, ni kuni. Watu wakageuka. Yule muuzaji wa kibao hakubishana. Kulikuwa na mteja amembeba binti yake, mdogo kuliko Mwenyekiti, hata jino hana. Muuzaji akamwomba ruhusa, akamweka yule mtoto kwenye kiti kile kile. Dada, mtoto alikaa. Alikaa wima, akaipiga meza kwa viganja vyote viwili, akatucheka. Muuzaji akanisogelea, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kiti hakina kasoro.

Unajua mimi huwaambia watu nini kutwa nzima? Mtu anakuja na bili kubwa, anaapa kwamba mita yetu ni mbovu, nami bila kuinua macho namwambia mita haina kasoro, akakague bomba ndani ya nyumba yake. Nimeyasema maneno hayo mpaka mdomo umeyazoea. Sikujua kwamba yanauma vile. Nilimbeba mwanangu, nikakiacha kiti pale pale, nikatembea hadi nyumbani nikimchukia yule mtoto wa watu asiye na kosa.

Tukampeleka hospitali. Daktari alimlaza, akamvuta mikono, akatazama jinsi kichwa kinavyobaki nyuma, akauliza habari za kuzaliwa kwake. Nikamweleza alivyochelewa kulia, na kwamba sisi tulimsifu kuwa ni mtoto mpole. Akatuambia ubongo uliumia siku ile ile kwa kukosa hewa, ndiyo maana mwili hausikii unachoambiwa. Yapo mazoezi, akasema, na tukiyaanza mapema yatamsaidia. Nikamuuliza atakaa lini. Akanijibu kwamba hawezi kuniahidi kuwa atakaa. Shemeji yako alitoka nje, nikamkuta ameegemea ukuta, analia bila kujificha. Moyo wangu ulivunjika, dada, na mpaka leo sijaokota vipande.

Sasa nikuungamie. Ile picha unayowaonyesha wenzako kazini, Mwenyekiti amekaa wima kama waziri, anakupungia mkono: chini ya lile taulo la bluu kuna mkono wa shemeji yako umemshika mgongo. Na ule mkono wake unaokupungia, niliyeuinua ni mimi, kwa vidole viwili usivyoweza kuviona. Picha ile tuliipiga kabla ya kwenda hospitali, kabla hata ya kwenda na mtoto dukani. Kiti kikiwa kibovu mtu hakifichi, anakipigia kelele. Sisi tulificha, kwa hiyo tulishajua.

Meneja wa duka alipiga simu juzi, akasema kwa upole nichague, pesa au kiti. Nimechukua kiti. Shemeji yako amekata godoro kuukuu, akashona mito miwili midogo ya pembeni, kwa mishono ya kutia huruma, na Mwenyekiti sasa anakula mezani nasi. Mama mkwe ananiambia ng'ombe haelemewi na nunduye. Ni kweli, na sitaelemewa, lakini kwa sasa ni nzito na nimeona nikuambie wewe. Usinipigie kunifariji. Njoo tu, ukae upande wake wa kushoto tunapokula.

Wasalimu watoto, na shemeji mwambie asikuache upande ngazi na mizigo. Baba Mwenyekiti anakusalimu. Mwenyekiti mwenyewe anampungia mkono Mama Mkubwa wake. Nimemwinulia.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Mwenyekiti