Chumba cha Maji

Mama,

Nimehamia chumba nambari tatu. Najua ungekuwa hai ungeuliza kwanza nyumba kubwa nimemwachia nani, na ni vipi mwenye ploti analala kwenye chumba cha mpangaji. Nitakueleza, lakini niache nizunguke kidogo, maana jambo lenyewe linanichoma. Nakuandikia kwa Kiswahili, ile lugha yako ya ploti, uliyokaribishia wapangaji na kuwagombezea. Kwa Kipsigis sitaweza. Kwa Kipsigis nitasikia sauti yako ikinijibu, na kalamu nitaiweka chini.

Sosiot imebadilika tangu tukuzike. Kituo cha kununua majani ya chai kimefunguliwa kando ya barabara, na sasa kila mtu ana wazimu wa chai. Watu wameng'oa mahindi, wameng'oa viazi, jirani yetu wa juu amepanda mpaka mlangoni mwa choo. Siku hizi watu wakikutana wanaulizana habari za miche kabla ya habari za watoto. Yule ng'ombe wako mwekundu amezaa ndama jike, mkaidi kama mama yake. Na Kiprono, mwanao, bado yuko Merigi na duka lake, na bado anasema ploti iuzwe kwa sababu mwanamke hawezi kushika wapangaji. Alisema hivyo mbele ya wazee kabla udongo wa kaburi lako haujakauka. Mimi nikasimama nikasema nitashika, tena nitaifanya ploti iwe bora kuliko ulivyoiacha. Kiburi hicho unakijua, ulikilea mwenyewe.

Na mwanzoni nilishika vizuri, Mama. Nilikumbuka yote. Choo kijengwe kabla ya chumba. Usimpangishie ndugu, maana siku ukimwambia ahame, wewe ndiye utakayehama kanisa. Mpangaji mpya usihangaike sana na kazi anayofanya, uliza alikuwa akikaa wapi, kisha nenda ukawasalimie majirani wake wa zamani, kwa sababu mtu huhama na tabia zake. Nyumba ikaguliwe mvua ikinyesha, kwa sababu wakati wa jua kila fundi ni hodari. Na lile ulilonifokea nikiwa msichana, siku nilipousukuma mlango wa mpangaji kumtafuta kuku wetu: "Nyumba ni yetu, lakini mlango ni yake. Piga hodi!" Mpaka leo napiga hodi hata kwenye chumba kisicho na mtu. Wapangaji wananicheka.

Lakini ile sehemu ya nyuma ilikuwa ikiniudhi.

Unaujua mfereji wako. Uliuchimba mwenyewe kwa jembe, kutoka kule juu barabarani, ukapita nyuma ya vyumba, mpaka bondeni, ukaacha nyasi pande zote mbili, pana kama chumba kizima. Watu walikucheka. Walisema ardhi nzuri hivyo, na Gogo, yaani nyanya, walivyokuita wote, anaitumia kufugia vyura. Ukawajibu kwa kile Kiswahili chako cha kuokota sokoni: "Maji nayo ni mpangaji. Hapana lipa, lakini usipopea yeye chumba yake, ataingia ya mwenzake." Hata mimi nilicheka. Wewe pia ulicheka, kisha ukainama ukaendelea kutoa majani mferejini.

Mama, niliufukia.

Haya, nimesema. Niliufukia nikapanda chai juu yake. Ilikuwa kiangazi, mfereji mkavu, hata chura mmoja hakuwamo, nikaona ni ardhi ya bure imelala tu. Na kila nilipoitazama nilimwona Kiprono akitabasamu lile tabasamu lake. Nilitaka aje siku moja aikute chai imesimama nyuma ya vyumba, akose la kusema. Siku ninapanda, Mama Rebeka akapita akitoka kuchuma chai kwenye shamba la wazungu, kikapu mgongoni. Unamkumbuka, wewe ndiye uliyempa nambari tatu alipokuja kutoka Kakamega na mtoto mchanga, na yeye ndiye aliyekuchotea maji wakati wote uliolala kitandani, wala hakuna aliyemtuma. Alisimama akatazama, akaniuliza kwa upole, "Dada, sasa maji itapita wapi?"

Nikamjibu, "Wewe lipa kodi, maji niachie mimi."

Nilimjibu hivyo, mimi mwanao. Aliingia ndani kwake, na mimi nikaendelea kushindilia udongo kwa miguu.

Mvua za kwanza zilikuwa za kubembeleza. Chai ikashika, nikajipongeza. Kisha ikaja ile ya mawe. Ilianza alasiri kama kawaida yetu huku, ikapiga mabati mpaka watu wakawa wanaongea kwa mikono. Maji ya barabarani yakateremka na njia yao ya zamani, yakafika nyuma ya vyumba, yakakuta chai. Unajua kuta zetu ni za fito na udongo. Hazikubomoka kwa kishindo. Ule wa nambari tatu ulilowa kutoka chini, ukalegea, ukaangukia ndani, kitandani, na kitandani alikuwa Rebeka, hakuenda shule kwa sababu ya homa.

Majirani walimfukua kwa mikono. Yu hai, Mama. Nakuambia mapema usije ukahangaika huko uliko. Mguu ulivunjika, wamemfunga plasta mpaka pajani.

Lakini aibu yenyewe bado sijaisema. Mama Rebeka aliitwa kutoka shambani, akaja mbio, amelowa, hata kikapu hakukivua. Alipokwisha kumwona mtoto na kumsikia akilia, alinigeukia. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Alinishika mkono akasema, "Pole, dada. Nyumba yako imeharibika."

Alinipa mimi pole! Na mimi nikaipokea, nikasema asante.

Jumapili mzee wa kanisa akatuombea, akasema mvua ni kazi ya Mungu, hakuna wa kulaumiwa. Watu wakaitikia amina, na yangu ilisikika. Jumamosi iliyofuata akina mama wakaja wakakata fito, wakakanyaga udongo, wakakandika ukuta bila malipo, huku wanaimba. Mimi nikapika chai, nikazunguka na birika. Tulikunywa chai, Mama, tukamsingizia Mungu.

Nilikwenda hospitali na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kumwona mtoto. Rebeka alinionyesha plasta yake kama mtu aliyevaa kiatu kipya, na mimi nikashindwa kuitazama. Mama yake akanisindikiza mpaka nje. Akaniambia amepata chumba Roret, watahama mtoto akiruhusiwa. Nikamwuliza kama ana hasira. Akasema hapana, anaogopa mvua tu. Nikaondoka hatua chache, kisha nikarudi nikamwuliza kwa nini hakusema kanisani habari ya mfereji. Akatazama chini. "Kiprono angepata maneno. Na Gogo alitaka wewe ndiye ukae hiyo ploti."

Kumbe alikuwa akinisitiri. Mtoto wake amelala na mguu uliovunjika, naye anailinda ploti yangu. Nilirudi Sosiot kwa miguu, nikilia njiani kama mtoto aliyechapwa, watu wakinipa pole ya nyumba.

Siku ya soko, jua likiwa katikati, watu wote wakipita, nilichukua jembe lako nikaanza kung'oa chai. Walisimama. Mmoja akauliza kama nimerukwa na akili, miche imeshashika vizuri hivyo. Nikasema kwa sauti wanisikie: hapa palikuwa na mfereji wa mama yangu, mimi ndiye niliyeufukia, na mguu wa Rebeka ni mimi. Mungu hakuwapo siku napanda. Nilidhani maneno hayo yakitoka nitapumua. Sikupumua. Walitazamana, mwingine akaguna, wakaondoka mmoja mmoja. Mzee wa kanisa alikuwapo pia. Hajaniambia neno mpaka leo.

Kiprono amepata habari, nani asingempelekea? Ametuma neno kwamba Jumapili anakuja na wazee. Sina la kujitetea. Alisema siwezi kushika wapangaji, na mimi nimempa ushahidi.

Kwa Mama Rebeka nilikwenda nikapiga magoti, yeye akachukia kuniona nimepiga magoti. Sikumwomba abaki kwenye nambari tatu. Nilimpa ufunguo wa nyumba kubwa, ile yako ya mabati na sakafu ya saruji, akae humo na mtoto mpaka mvua ndefu ziishe. Nambari tatu nitailala mimi. Nikiamka msimu mzima sakafu ikiwa kavu, atachagua mwenyewe: arudi, abaki kule, au aende Roret na mimi nimbebee kitanda. Aliupokea ufunguo. Kisha akauliza kama jembe la Gogo bado lina mpini mzuri, maana mfereji ninaouchimba mimi unapinda. Alikuja tukauchimba pamoja. Hajaniambia amenisamehe, wala sijamwuliza.

Mama, nisamehe wewe kama unaweza. Nilishika maneno yako yote, nikaacha lile moja nililolicheka. Sijui baada ya Jumapili ploti itakuwa ya nani. Lakini mfereji huo nitauzibua mimi, nikiwa mwenye ploti au nikiwa kibarua wa atakayeinunua, na nikizeeka nitamwonyesha mwingine, nimwambie na jina lako.

Lala sasa. Nimeandika mpaka alasiri, na mawingu yamekwisha kushuka. Mvua imeanza, ile yenyewe. Nimekaa kitandani, mgongo kwenye ule ukuta, nimeweka kiganja chini kwenye sakafu. Ni kavu. Namsikia mpangaji wako anapita nyuma, kwa kelele zake zote, anateremka bondeni. Hajapiga hodi.

Mwanao,
Chelangat, wa nambari tatu