Dakika Kumi na Tano za Fundi Viatu

Mwenzangu uko? Sikia yaliyonikuta leo.

Si unajua sheria mpya imeturuhusu sisi wafamasia kuchanja? Leo ndiyo nimeanza. Nimemchanja chanjo ya mafua yule mzee fundi viatu wa mtaa wa nyuma, nikamwambia, "Haya mzee, ugua pole," akaondoka.

AKAONDOKA! Na anatakiwa akae dakika kumi na tano nimwangalie kama chanjo itamdhuru! Miaka tisa nakabidhi dawa dirishani, mtu anaenda zake. Mdomo umejisemea wenyewe.

Ndipo nikasoma fomu yake: "Sindano iliwahi kunivimbisha koo." Koo! Ameandika kabisa, na mimi nimetia sahihi chini yake bila kusoma.

Nimetoka mbio na koti langu jeupe, sindano ya dharura ya kuzuia koo lisizibe mkononi, watu wananipisha njia. Nikamkuta kibandani kwake ameinama, namwita haitiki. Moyo ukanipiga paa! Kumbe ana misumari mdomoni, akaitemea kiganjani:

"Daktari, nimesahau nini?"

Nimekaa kwenye kigoda chake, namkodolea macho shingoni. Dakika kumi na tano zimekwisha, yeye mzima kabisa.

Ananiambia nirudi kazini, wagonjwa wananisubiri. Mwenzangu, bado nipo kigodani, nahesabu kumi na tano nyingine.