Muuaji wa Karamu

Baba Nyambura,

Niaje huko? Mimi niko poa, tena zaidi ya poa. Unajua mimi ni mtu wa bahati. Ndiye mimi niliyeingia harusi ya watu nisiowajua pale Ruiru, nikakaribishwa meza ya wazee na kuulizwa kama nyama imetosha. Sasa bahati yenyewe imenifuata hadi kwa kitabu chetu. Nimekimaliza. Na muuaji ni yule yule niliyekutajia tangu mwanzo, ukanibishia mpaka githeri yako ikapoa. Nimewatangazia wote kiwandani.

Najua utaniuliza kwa nini nilisonga mbele bila wewe. Ngoja, usikasirike, nieleze pole pole.

Kwanza habari za kazini. Stoo imepakwa rangi. Kioko, yule wa kutoka upande wa Yatta, ndiye amewekwa kwa mizani yako. Ni mtu mzuri, ila anapima gunia kama anapima dhahabu. Siku ya kwanza alikalia lile katoni lako la saa ya chakula, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia. Watu waliniangalia. Nikamsongezea chumvi.

Wiki mbili baada ya kukuzika Murera, Mama Nyambura alikuja hadi kwangu Kiuu, amebeba kitabu kwa mfuko wa sukari. Aliniambia, "Wafula, kaa nacho. Mimi kila nikikiona kwa meza nasikia kama yuko hapo anasoma." Hakutaka hata chai. Nilikiweka juu ya kabati, na kwa mwezi mzima nikawa nakizunguka kama deni la kanisa.

Halafu Jumamosi moja nikakishusha. Nikaanza ukurasa wa kwanza, mimi mwenyewe, na kidole. Wewe unajua niliacha shule darasa la sita. Kusoma najua, lakini nasoma kama mtu anavuka matope. Ndiyo maana mambo yalikuwa rahisi wakati ule: wewe unafungua, unasema "Atiriri, Wafula, sikiza sasa," na mimi natafuna tu na kuogopa. Hakuna raha kama ile. Kuogopa mchana kweupe, umeshiba, jua linachoma mabati, na ukiitwa kupakia lori unatembea ukiangalia nyuma. Uliwahi kufunga kitabu pale Inspekta anapofungua mlango wa stoo na kusikia mtu anapumua ndani. Ukaniambia saa ya chakula imeisha. Siku hiyo mchana wote nilikuwa nahesabu magunia vibaya, na msimamizi akadhani nimelewa.

Sasa sikiza nilichopata kwa ukurasa wa tisa.

Unakumbuka huyu muuaji, kila akimaliza mtu, anaacha kitu kifuani mwa maiti. Miezi yote hiyo wewe ulisoma "karamu". Aliacha karamu. Na mimi, Baba Nyambura, kwa kichwa changu nikaona karamu. Nikaona sinia la pilau limewekwa kifuani mwa marehemu, na kachumbari kando. Nikasema huyu si muuaji wa kawaida, huyu ana roho ya ukarimu.

Imeandikwa kalamu.

Kalamu. Biro. Ile ya kuandikia.

Nilikuwa nimezoea ulimi wako. Ukisema mchere najua ni mchele, ukisema umerara najua umelala, nanyoosha kwa kichwa na tunaendelea. Hii ilinipita kwa sababu karamu ni neno na kalamu ni neno, na huku kwetu nani anasema kalamu? Sisi tunasema biro. Na kitabu chenyewe kilinisaidia kupotea. Ulisoma karamu ilikuwa imefunikwa. Nikasema vizuri, nzi ni wengi. Ulisoma imetafunwa upande mmoja. Nikasema basi alionja kwanza. Halafu ukasoma karamu ya bluu. Hapo ndipo ningeuliza kama ningekuwa mtu wa kuuliza. Lakini mimi ni mtu nimetembea, nimefika Mombasa, nimefika Kampala. Nikakuambia, "Hizo za bluu nilishakula Kampala, ni tamu." Ukacheka mpaka ukashika ukuta. Nilidhani unacheka kwa wivu.

Wewe ulidhani nafanya mzaha. Kila siku nakuuliza, "Leo amepika nini?" na wewe, kwa uso wa mhubiri, unanijibu, "Leo ni minji na viazi." Ndiyo maana nikamshika mpishi wa ile hoteli ya kwenye kitabu. Nani mwingine ana sufuria za kufanya hiyo kazi? Wewe ulimshika karani. Nikakuambia karani hajui hata kukaanga kitunguu. Maskini yule mpishi. Nimemshtaki miezi mingapi, na kosa lake ni kuvaa aproni tu.

Nilicheka peke yangu pale kwa kiti mpaka mama wa chumba cha pili akagonga ukuta, akauliza kama niko sawa. Nikageuka nikuambie. Yaani niligeuka kabisa, na shingo. Ulikuwa hupo, na mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Hapo ndipo nilijua umekufa. Kule Murera nilikuwa na kazi ya kushika koleo, sikupata nafasi ya kujua.

Sasa kuna jambo la hospitali. Ile siku ya mwisho kukuona, pumzi ilikuwa inakukatikia, lakini bado uliniuliza kitabu kiko wapi. Nikasema kiko kwako nyumbani, na imebaki sura moja. Ukanishika mkono ukasema, "Usisome hiyo bila mimi, Wafula. Nitatoka tuimarize." Nikaapa. Nilikuapia kama mtu anayeapa kwa mtu atakayetoka Ijumaa.

Kazini wamenisumbua. Uliwafanya wote wawe wateja wa hicho kitabu, hata wale walijifanya wanalala wakati unasoma. Kioko amesikia hadithi nusu nusu na yeye pia ameshikwa. Juzi alinisimamisha kwa mizani: "Wewe mzee, tusomee hiyo ya mwisho basi. Ama hujui kusoma?" Wote wakacheka. Nikawaambia nimeshaimaliza zamani, ni mpishi, nilisema. Nikaenda zangu. Kioko akasema nyuma yangu, "Lakini mpishi na kalamu ni wapi na wapi?" Ana akili huyo, ungempenda.

Basi nimeamua hivi. Jumapili hii, kanisa likitoka, nakuja Murera na kitabu. Mama Nyambura nimeshamwambia. Amesema atanitolea kiti, na kwamba nisikae chini na hiyo suruali nzuri. Nitakusomea sura ya mwisho kwa sauti, na kidole, nikikwama nitarudia. Kila penye kalamu nitasoma karamu, usione kama nimebadilisha kitu. Tukimaliza, Jumatatu nitawasomea hawa wengine. Kioko atakaa kwa katoni lako na mimi nitasimama. Hiyo naahidi, na hii ahadi si ya mdomo wa Kampala.

Lala vizuri, ndugu yangu. Kifua kisikuume tena.

Na ile ya juu nilikudanganya. Sijakimaliza. Ile sura bado sijaigusa, na muuaji simjui.

Wafula