Nafasi Saba, na Binti Yangu Hana Hata Moja

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi mume wangu anatia saini ya kununua gari na akishatia nitakuwa nimeandika bure. Mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni mpima ardhi, tuna watoto watatu na mama mkwe tunaishi naye, kwa hiyo tukisafiri tunakuwa sita, na binti yetu mkubwa, wa miaka kumi na mmoja, hatembei, anatumia kiti cha magurudumu, na kiti chenyewe si cha kukunja kwa sababu kimetengenezwa kumshika mgongo.

Kwa miezi mingi tumetafuta gari la familia, haya wanayoyaita krosova, si saluni wala si jipu, na mtaalamu wetu ni mdogo wake mume wangu, tunamwita Turbo kwa jinsi anavyozipenda injini. Mara mbili tumekwenda yadi ya magari, wao wawili wakakaa mbele wakajaribu barabarani gari moja la viti saba, wakasifu breki, wakasifu kioo cha dashibodi kikubwa kama televisheni, wakasifu paa linalofunguka, nami nimekaa kiti cha katikati nimenyamaza (leseni ninayo, usukani sijawahi kupewa), na binti tumemwacha nyumbani kwa sababu Turbo alisema magurudumu yatachafua gari la watu.

Mara ya tatu ndipo nikamwomba muuzaji asimamishe viti vya nyuma kabisa na afungue buti, nikavua utepe wa kupimia ambao huwa shingoni mwangu kutwa nzima, nikapima nafasi iliyobaki nyuma ya viti. Sentimita thelathini na nane. Kiti cha binti yangu, hata ukichomoa magurudumu, ni sabini na mbili. Nikauliza kama viti vile hulazwa kimoja kimoja, muuzaji akasema la, vinalala vyote kwa pamoja. Basi nikamwambia mume wangu palepale kwamba tukivisimamisha, kiti cha mtoto hakiingii, na tukivilaza, mtu mmoja hana pa kukaa. Turbo akaniuliza, “Shemeji, unataka kulishonea gari suruali?” Muuzaji akacheka. Mume wangu hakucheka, ila njia nzima hakunisemesha, na tulipofika nyumbani akasema nimemuaibisha, kwamba safari ndefu si za kila siku, na siku hizo mtoto anaweza kubaki na bibi yake.

Binti alikuwa mlangoni. Akasema, “Nafasi saba, sisi sita, na bado mimi ndiye nimezidi.” Akageuza kiti akaenda chumbani, na tangu siku hiyo haulizi habari za gari, yeye aliyekuwa ameshalichagulia rangi.

Mama mkwe ananisihi niombe radhi ili nyumba itulie. Je, niombe?

Fundi mwenye utepe shingoni

*

Fundi,

Usiombe. Barua yako nimeisoma nimesimama, na mpaka sasa sijaweza kukaa.

Mumeo anapima mashamba ya watu. Akikosea hatua moja, majirani wanafikishana mahakamani. Halafu inapofika zamu ya mwanawe, anaona aibu kwa sababu mkewe ameshika utepe? Wewe umefanya kazi ambayo yeye ndiye aliyesomea. Kama kuna aibu, ni hiyo.

Na Turbo wenu, ambaye kila ukoo una wake, amelikagua gari zima isipokuwa mahali watu watakapokaa. Sina ugomvi na breki, zikaguliwe sana. Lakini paa linalofunguka litamsaidia nini mtoto aliyeachwa sebuleni? Wauzaji nao ni walewale: wanakuhesabia viti saba kwa mbwembwe, hawakwambii kwamba vikikaliwa vyote, mzigo unaobaki na nafasi ni mkate na mwavuli.

Nakuhurumia, ila na wewe nina neno nawe. Mara mbili ulikaa katikati umefunga mdomo. Mara mbili mlimwacha nyumbani mtu pekee aliyeweza kuwaambia kama gari lile linafaa. Eti litachafuka! Gari la familia ambalo familia haiwezi kulichafua ni la kazi gani? Radhi inadaiwa kweli nyumbani kwako, lakini anayeidai ni binti. Mkokote mumeo mwingie chumbani kwake wote wawili, mkae chini, mumwombe. Leo, kabla hujaweka hata sindano kwenye cherehani.

Jumamosi nendeni yadi, na saini ingoje. Mwende wote sita, na kiti cha magurudumu cha saba. Ulizia gari ambalo viti vya nyuma hulala kimoja kimoja, hata kama kioo chake ni kidogo kama kiganja: upande mmoja akae mtu, upande wa pili kiti cha mtoto, kimefungwa kwa mikanda kisije kikawarukia mkikanyaga breki. Pima upana wa mlango. Pima kimo cha kiti cha katikati, uone kama binti anaweza kuhama kutoka kwenye kiti chake bila kuinuliwa kama gunia. Bibi akae mbele, magoti yake yamefanya kazi ya kutosha.

Kisha lijaribuni kwenye barabara yenye mashimo, nusu saa nzima, buti likiwa limefungwa. Usukani ushike wewe. Turbo abaki yadi azungumze na injini. Mkirudi, mwulizeni binti, na jibu lake ndilo jibu. Akisema hapana, rudisheni funguo mwende yadi nyingine.

Na kile kiti cha nyuma kabisa, ambacho katika safari zote tatu hakuna aliyekikalia, akae mumeo. Akitaka kununa, anunie hukohuko, magoti kidevuni.