Sikukikataa Chakula Chake

Changamwe,
Jumapili, baada ya ibada

Kwa kaka yangu mpendwa Kalama,

Shikamoo kaka. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Athi River, wewe na wifi Josephine na watoto, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la kiwandani kimekuachilia. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio sina la kuusifia. Usicheke kupata barua ya karatasi zama hizi. Kwenye simu ungenikatiza, nami nikikatizwa hugeuza maneno, wanijua.

Juzi ulipoona picha niliyopigwa kwenye ubatizo wa mtoto wa Lavender, uliniandikia ukimshukuru Mungu kwamba mashavu yangu yamerudi. Ukasema tangu Mama Dhahabu aondolewe nyumbani mimi nimepona, kwa hiyo Baba Mkubwa hakukosea. Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi kuliko ninavyosoma Biblia. Ndio unaonifanya nikae hapa na kalamu.

Krismasi iliyopita wewe hukupata likizo, kwa hiyo hukuona. Nilifika nyumbani Mwakirunge nikamkuta Mama Dhahabu amechinja jogoo wake mwenyewe na kumpika kwa nazi. Si unajua alivyo. Alituchukua mama alipofariki, akaolewa na marehemu baba kwa ajili yetu, na hakuwahi kuzaa wake. Alinipakulia mimi kwanza. Tonge la kwanza nilimeza, la pili likakataa kushuka. Nikasema nilikula njiani. Hakuna aliyeamini, maana mimi tangu nizaliwe sijawahi kufika nyumba ile nimeshiba. Siku ya pili ikawa vilevile, ya tatu nikatapika nyuma ya jiko. Mama Dhahabu aliitazama sahani yangu, akaniuliza kwa upole kama chumvi ilizidi.

Mwezi wa kwanza nguo zikaanza kunivuka. Na kwetu, kaka, mtu akikataa chakula cha mwanamke mzee, kisha akakonda, hakuna anayeuliza habari za daktari. Maneno yalianzia kwa mke wa Chrispine, binamu yetu, pale kwenye foleni ya maji: kwamba asiyezaa anamla mtoto wa mwenziwe. Mwezi wa pili Baba Mkubwa akaita kikao. Wewe ulituma neno kwa simu kwamba uhai wa dada yako kwanza. Sikulaumu hata kidogo. Mama Dhahabu akaambiwa aondoke kabla vijana hawajapandwa na hasira. Alibeba godoro, kitabu chake cha nyimbo na sufuria.

Sasa nisikilize. Sikurogwa. Nilikuwa najidunga sindano.

Nilianza mwezi wa kumi. Kule ofisini kwetu, kwenye yadi ya makontena, wanaume walinibandika jina la Kontena. Nilikuwa nacheka nao, tena kwa sauti kuliko wao, kisha nakwenda kulia chooni. Lynnette, mwenzangu wa meza ya pili, alimjua mtu aliyekuwa akiuza bila karatasi ya daktari zile sindano za wagonjwa wa sukari, zinazopunguza mwili. Mara moja kwa wiki, tumboni. Nilikuwa nikijifungia mlango kama mwizi.

Mwanzoni mwa mwezi wa kwanza nilianguka ofisini, nikapelekwa zahanati. Daktari Oduor alinigombeza kwanza, halafu akanichorea nyuma ya kadi yangu. Alisema tumbo likiwa tupu hutuma homoni yake kwenye ubongo kuomba chakula. Chakula kikifika, utumbo nao hutuma homoni zake, na kongosho, lile tezi lililojificha nyuma ya tumbo, hutuma zake, zote zikiuambia ubongo kwamba imetosha. Ile ya utumbo inayoigwa na sindano haidumu ila dakika chache. Sindano yenyewe hukaa mwilini wiki nzima, inarudia neno lile lile: imetosha, imetosha. Ubongo unaamini mtu ameshiba, naye hajala kitu. Akaniambia pia kwamba nikiacha, njaa itarudi na mwili utarudi nayo.

Umeona tarehe, kaka? Hayo niliyajua mwezi wa kwanza. Kikao kilikuwa mwezi wa pili.

Hili ndilo ninaloshindwa kulala nalo. Baba Mkubwa aliniuliza mbele ya watu wote nilionja nini katika chakula cha Mama Dhahabu. Sindano ilikuwa kwenye mkoba, mapajani mwangu. Nilichotakiwa ni kufungua zipu tu. Nikamtazama mchungaji, nikamtazama Chrispine, nikawaza watakavyocheka wakisikia Jumwa ananunua dawa ya kuua njaa. Nikainamisha kichwa. Wakaufanya ukimya wangu kuwa jibu. Mama Dhahabu alikuwa ananitazama mimi tu, wala hakuwa na wasiwasi. Alidhani nitasema.

Mwezi wa tatu niliacha sindano kwa aibu, na njaa ikarudi kwa kishindo kama nilivyoambiwa. Nikanenepa. Nanyi mkanihesabia unene huo kuwa ushahidi dhidi yake. Nilikonda akaonekana mchawi, nimenenepa ameonekana mchawi zaidi.

Jumamosi nilivuka feri nikaenda kumwona. Anaishi Timbwani, chumba cha nyuma kwa Milcah, mama mmoja wa kanisani kwao. Nilikuwa sijatia kitu kinywani tangu asubuhi, makusudi, nikitaka anione ninakula. Alikuwa anapika samaki wa nazi na mate yalinijaa mdomoni. Nilipiga magoti nikamwambia yote haya. Akaniuliza kama sindano hiyo huuma. Nikasema huuma kidogo. Akanipa pole. Kisha akaepua sufuria, akaiingiza ndani na kuifunika, akanielekeza kibanda cha chapati kule kona, nile kabla sijavuka. Alisema yeye siku hizi hampakulii mtu. Nililia, kaka. Nalia hata sasa ninapoandika.

Baba Mkubwa anangoja neno lako, wewe kifungua mimba, abomoe nyumba ya Mama Dhahabu. Usilitoe neno hilo. Njoo mwisho wa mwezi uisome barua hii mbele ya watu wote, Chrispine na mkewe wakiwemo, na hilo jina la Kontena usiliruke. Nitakuwa nimesimama hapo hapo. Wacheke.

Mpe wifi salamu zangu, na uwabusu watoto. Mungu akulinde kazini.

Nilimwuliza Mama Dhahabu nikupe salamu gani kutoka kwake. Alisema anakusalimu sana, na kwamba ukija usipitie kwake, maana ukiugua njiani ukirudi, watasema ni yeye.

Dada yako,
Jumwa