Zawadi ya Kirimi

Alhamisi, Nkubu

Na bado anacheka! Leo tena Kirimi amewaambia walimu wenzetu kwamba matumbawe ninayofuga kwenye tangi la maji ya chumvi yanakufa kwa sababu sijui kufuga vitu vya bahari. Ya kwake yamenona.

Nilipofika nyumbani nilitoa kipande kimoja cha tumbawe kwenye tangi, nikakigeuza kama ninavyogeuza jani la kahawa kutafuta wadudu. Chini kulikuwa na minyoo bapa ikilitafuna, rangi ile ile ya tumbawe, na mayai yake. Nikakichovya kwenye dawa. Minyoo ikajikunja, ikaanguka. Niliitazama mpaka ikatulia.

Mayai hayafi kwa dawa, lazima uyakwangue.

Sikuyakwangua. Nimempelekea Kirimi kipande hicho, aweke kwenye tangi lake.

"Mungu akubariki, ndugu yangu," akasema.

Nikaitikia amina.