Gia ya Sita

Mjukuu wangu Tumaini,

Hapa Iringa tu wazima. Bibi yako anavuna maharage. Unauliza kama uiache mashine yako ya kusuka kamba, kwa kuwa gia zake tano ulizozipanga duara zimekataa kuzunguka.

Nami nilikwama hivyo hivyo katika karakana ya Soweto, Mbeya, nikiwa mwanafunzi wa hotuba nyingi. Nililaumu chuma, nikalaumu mfumo! Fundi wetu, Mama Sekela, akacheka: "Msomi, funga mkutano! Gia zinazogusana huzunguka kinyume. Ukiweka tano, mbili jirani zitataka upande mmoja, zote zisimame."

Tukaongeza ya sita. Nyuzi zikapishana, kamba ikatoka imara. Nami nilikuwa nikihubiri kwamba wote tuelekee upande mmoja!

Usiiache. Ongeza gia moja, uwashe.

Babu yako